Mnara Nyuma ya Ndege

Tarehe 25 Disemba 2020 upande wa mbele wa Beit el Ajaib uliporomoka, na mnara wa saa uliokuwa ukiitazama bahari ukaanguka pamoja nao. Watu wawili walipoteza maisha yao chini ya vifusi. Siku zile Mji Mkongwe ulikuwa na misiba miwili: wa watu, ambao una taratibu zake zinazojulikana, na wa nyumba, ambao hakuna aliyefundishwa namna ya kuuhani. Kwa hivyo watu wakafungua makabati. Kila nyumba iliyokuwa na picha ya Forodhani iliitoa, ikaifuta vumbi, ikawaonesha watoto: hapa ndipo ulipokuwa ule mnara.

Miongoni mwao alikuwamo mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa Malindi, mwanamke wa miaka sitini na ushei, aliyerithi albamu kutoka kwa marehemu baba yake. Ni albamu ya kizamani, yenye jalada la ngozi lililokwisha kuchanika mgongoni na kurasa nyeusi, picha zikiwa zimeshikwa kwa vipembe vya karatasi. Chini ya kila picha bibi yake, mama wa baba, aliandika kwa wino mweupe maneno machache ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyozoea kuandika watu wa kizazi chake waliosoma chuoni na si skuli. Watoto wa nyumba ile walikua wakiyatazama maandishi yale kama urembo tu. Mwalimu alijifunza kuyasoma baada ya kustaafu, na hata hapo aliyasoma kwa kukisia, maana hati za Kiarabu zikiandikiwa Kiswahili bila ya irabu humtaka msomaji alijue neno kabla ya kulisoma.

Picha aliyoitafuta ilikuwa ukurasa wa tatu. Ni postikadi iliyopigwa kutoka angani: Beit el Ajaib katikati, Ngome Kongwe pembeni yake, mapaa ya mji yamesongamana nyuma, na bahari mbele imetulia kama mkeka uliotandikwa. Katika kona ya juu zimeingia ncha za mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameunganishwa kwa vijiti na nyaya. Wajuzi wa ndege za zamani wakiona ncha zile zilizochongoka husema mara moja kuwa hiyo ni Dragon Rapide ya de Havilland, ndege ya mbao na kitambaa, yenye injini mbili, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1934 na kuchukua abiria wasiozidi wanane. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, ilikuwa ikipeleka barua na abiria Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam kwa ndege ndogo za namna hiyo. Vita vilipoanza 1939 ndege zake zilichukuliwa kwa kazi za kijeshi, na kampuni haikuinuka tena. Lakini East African Airways nayo, ilipoanza safari zake mwaka 1946, ilianza na ndege sita za jamii hiyo hiyo. Basi bawa peke yake halitoshi kuitaja tarehe. Yaweza kuwa kabla ya vita, yaweza kuwa baada yake.

Hapo ndipo ardhi inapolisaidia bawa. Mnara wa saa katika picha umeungana na nyumba, kwa hivyo ni baada ya tarehe 27 Agosti 1896, kwani kabla ya mizinga ya Waingereza ya siku hiyo mnara ulisimama mbali kidogo na jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Reli ya Bububu, ambayo kituo chake kilikuwa jirani na Ngome, haionekani. Bustani ipo, pamoja na kibanda chake cha bendi, nayo bustani ile ilitengenezwa 1936 kwa jubilei ya miaka ishirini na mitano ya Sayyid Khalifa bin Haroub. Na lile lango dogo la ukutani lililojengwa 1956 kwa ziara ya Princess Margaret halipo. Mwalimu alikuwa akiyatazama haya kwa kioo cha kukuzia cha marehemu baba yake, akayaandika katika daftari: kati ya 1936 na 1956. Mji wenyewe ulikuwa umejiandikia tarehe yake kwa mawe, na hakuna aliyewahi kuisoma.

Yafaa kusimama kidogo hapa kwa neno lenyewe. Kiswahili kilipokutana na eropleni hakikuhangaika sana. Kilimwazima ndege jina lake, na tofauti ikaachiwa ngeli. Ndege anaruka, ndege inaruka. Lakini watu wa pwani walikuwa na ndege wa tatu, yule ambaye ni dalili ya jambo lijalo: ndege njema, ndege mbaya. Wazee walioona chombo cha kwanza kikipita juu ya minazi hawakuwa na haja ya kuambiwa kuwa kitu kile kimebeba habari.

Mwalimu alipogeuza ukurasa ndipo alipoona kitu ambacho macho yake yalikuwa yamekipita kwa miaka hamsini.

Picha ya pili haikununuliwa dukani. Babu yake amesimama mchangani, kanzu nyeupe, koti, kofia ya viua iliyokaa sawasawa. Amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka mitatu au minne, mwenye gauni la maua. Nyuma yao maji, na juu ya maji imekaa ndege kubwa ambayo haina magurudumu wala haijui uwanja: tumbo lake ni la chombo, mabawa yako juu kabisa ya mgongo, na katika mabawa zimepangwa injini nne. Mashua yenye tanga nusu imepita baina yake na mpiga picha. Ng'ambo ya maji, mbali, kuna nyumba na mnara. Chini, kwa wino mweupe: Forodhani, ndege ya bahari, 1357.

Kila mtoto wa nyumba ile aliikulia hadithi yake. Ndege ya bahari ilikuja Unguja, babu akaenda kuitazama, na yule mtoto ni wa jirani, alilia mpaka akachukuliwa. Lakini mwalimu alikuwa ametoka kuitazama Forodhani kwa saa nzima, jiwe baada ya jiwe. Mtu akisimama Forodhani na bahari nyuma yake, ng'ambo ataona nini? Ataona Changuu na Chapwani, visiwa na miti. Hakuna mji ng'ambo ya Forodhani.

Ndege zenyewe zina historia iliyoandikwa vizuri kuliko ya watu waliozitazama. Ni zile Short Empire za Imperial Airways, ambazo kuanzia Juni 1937 zilisafiri kutoka Southampton hadi Durban, zikitua majini njia nzima: Mto Nile, Ziwa Victoria mpaka Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea kusini katika bandari za Wareno. Injini zake ziliitwa Pegasus, jina ambalo Waunguja walilijua kwa sababu nyingine, kwani manowari ya Kiingereza yenye jina hilo ilizamishwa na Königsberg ya Wajerumani katika bandari yao tarehe 20 Septemba 1914. Lakini Unguja haikuwemo katika vituo vya kawaida vya ndege hizo. Waunguja walipata barua zao kwa ndege ndogo za Wilson. Ile kubwa, wengi waliisikia ikipita.

Ulibaki mnara. Chini ya kioo cha kukuzia ulionekana kuwa mmoja, mnene, wenye paa la vigae. Na si mbali nao, mwembamba kama sindano, ulikuwepo wa pili. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka na pantoni ya Kigamboni anazijua alama hizo mbili. Wa kwanza ni wa kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya 1898 na 1902. Wa pili ni wa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ni rika lake. Babu alikuwa amesimama upande wa Kigamboni, ameipa mgongo Dar es Salaam.

Mwaka haukuwa na shaka. Mwaka wa Hijria 1357 ulianza Machi 1938 na kumalizika Februari 1939, na bibi hakuwa mtu wa kukosea tarehe. Ubavuni mwa ndege zilisomeka herufi G-ADV, na ya mwisho ilifichwa na tanga. Ndege tano tu za aina ile zilianzia na herufi hizo, na habari zao zikisomwa mfululizo zafanana na orodha ya marehemu. Capricornus ilianguka Ufaransa Machi 1937, kabla ya njia ya Durban kufunguliwa. Courtier iliangamia Athens Oktoba 1937. Zilizobaki ni tatu: Challenger, iliyovunjikia katika bandari ya Msumbiji tarehe 1 Mei 1939, Centurion, iliyoanguka Calcutta mwezi uliofuata, na Corsair.

Hiyo Corsair ndiyo mwalimu aliyoitaka, ingawa alijua kutaka si ushahidi. Machi 1939, ikielekea kaskazini, ilipotea njia baada ya kuondoka Ziwa Victoria, ikaishiwa mafuta na kutua katika mto Dungu karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji. Mto ulikuwa mdogo. Tumbo lilitobolewa na jiwe, ndege ikakaa topeni, na abiria wote wakatoka salama. Ilitengenezwa pale pale porini kwa miezi kadhaa, ikajaribu kuruka mwezi wa Julai, ikapiga jiwe jingine. Mafundi hawakuona njia ila kuujengea mto bwawa ili maji yapande, na wenyeji wa Kongo ndio waliobeba mawe na magogo ya kazi hiyo. Tarehe 6 Januari 1940 ikaruka, ikaenda zake. Baadaye nayo ilivunjwavunjwa ikauzwa kama chuma chakavu, kama ndugu zake waliosalia. Hakuna hata moja ya ndege zile iliyobaki duniani. Picha ya mchangani Kigamboni imeishi kuliko ndege, vyovyote iwavyo herufi yake ya mwisho.

Kufika hapo mwalimu alikuwa amejibu maswali yote isipokuwa moja, na hilo halikuwa la ndege. Alikwenda Kikwajuni kwa shangazi yake, wa mwisho aliyebaki katika watoto wa bibi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na kioo?"

Akamwekea albamu mapajani. Bi kizee hakukitaka kioo. Aliigusa picha kwa kidole, si usoni pa baba yake bali usoni pa mtoto, akakaa kimya mpaka muadhini wa alasiri akamaliza.

"Huyu si mtoto wa jirani," alisema. "Huyu ni dada yangu. Baba mmoja."

Kisha akayasema, bila ya haraka, kama mtu anayekunjua nguo iliyokaa sandukuni muda mrefu. Babu alikuwa akipeleka mbata Mrima kwa mashua na kurudi na mchele. Huko alioa, kwa mahari na mashahidi, hakuna aibu ya kisheria ndani yake. Ila hakusema, na mtu akishakosa kusema mwaka wa kwanza, wa pili huwa mgumu zaidi.

"Na bibi?"

"Mama akijua. Akijua tangu mwanzo, mabaharia hawana siri. Baba aliporudi na picha hii alimpa mwenyewe mkononi. Nadhani alitaka aulizwe. Mama akaitazama, akachukua kalamu, akaandika Forodhani mbele ya macho yake. Akafunga albamu, akamtilia chai."

Mtafiti wa picha angeyaita maandishi yale kosa, na angelisahihisha kwa furaha, kwani furaha ya mtafiti ni kosa la mwenziwe. Lakini watu wa pwani wana neno ambalo halimo katika kazi ya kutambua picha, nalo ni sitara. Bibi hakukosea mahali. Alimsitiri mume, akamsitiri mtoto, na zaidi ya wote alijisitiri mwenyewe, asije akahurumiwa na majirani. Yumkini palikuwa na ukali pia ndani ya neno lile moja. Mtu aliyesafiri bahari nzima kwenda kukiri, kisha akaambiwa kuwa hakwenda popote, hakupata malipo madogo.

Shangazi akageuza kurasa mwenyewe, akafika kwenye picha ambayo watoto wa nyumba ile waliipenda kuliko zote. Ni uwanja wa Kisauni. Dakota ya East African Airways imekaa kwa mkia, pua juu, kama zilivyokaa zote, hata abiria akiingia alipanda mlima mdogo ndani ya ndege mpaka kitini pake. Ubavuni zimeandikwa herufi za kwanza VP-K, alama ya ndege zilizosajiliwa Kenya wakati wa ukoloni. Juu ya ngazi amesimama msichana wa buibui, uso wazi, anacheka na upepo. Ndiye shangazi. Chini: Kisauni, safari ya jicho, mfunguo mosi 1374.

"Jicho langu halikuwa na kitu," alisema. "Nilikwenda kwenye harusi yake."

Mfunguo mosi wa mwaka ule ulianza siku za mwisho za Mei 1955, nayo si tarehe ya kupita juu juu. Tarehe 18 Mei 1955, Ramadhani ikiwa ukingoni, Dakota ya kampuni hiyo hiyo iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ilijipiga katika mlima Kilimanjaro, na watu wote ishirini waliokuwemo wakafa. Habari ilikuwa mbichi katika kila baraza. Kusi lilikuwa limekwisha kushika, bahari baina ya Unguja na Mrima ni ya mawimbi, na bibi, ambaye mwenyewe hakupanda ndege maisha yake yote, alisema binti yake atakwenda kwa ndege, kwa sababu kwa mashua atachelewa kumpaka bibi harusi hina. Alimfungia kanga mbili mpya na kipande cha udi. Akamwambia asiseme vimetoka kwa nani, wenyewe watajua.

"Wakajua?"

"Mama yake alilia," alisema shangazi. "Alivipeleka ndani akalia, kisha akatoka akanipakulia wali kwanza mimi, kabla ya wakubwa."

Mzee alipofariki, yule dada alikuja Unguja matangani. Alitambulishwa kuwa mgeni kutoka Mrima, akakaa chumba kimoja na Bi Mkubwa siku zote tatu, na hakuna aliyeuliza mgeni gani hukaa ndani pamoja na mfiwa.

Wakati huo vijana waliokuwa wakikusanya picha za mji walikwisha kumwomba mwalimu nakala, na waliomba tarehe na maelezo kamili ya kila picha. Aliwapa postikadi ya angani pamoja na ukurasa mzima wa maelezo: mnara, bustani, lango lisilokuwepo, mabawa ya Rapide. Walifurahi mno. Kuhusu picha ya pili alimuuliza shangazi, na shangazi alimjibu kuwa wanaotaka ndege wapewe ndege, picha za ndege ni nyingi. Hakuwapelekea. Hakuyafuta wala hakuyagusa maandishi ya wino mweupe. Alikata karatasi nyembamba, akaandika kwa penseli jina la pwani ya kweli, akaipenyeza nyuma ya picha, mahali ambapo ataiona atakayeitoa.

Yule dada mwenyewe alikwisha kufariki, lakini watoto wake wapo Kigamboni, na namba yao ya simu shangazi alikuwa nayo miaka yote, imeandikwa katika kidaftari cha dawa. Mwalimu alivuka kwa ndege ndogo, safari ya dakika ishirini tu, kisha kwa pantoni, ingawa daraja lipo tangu 2016, kwa sababu alitaka kuutazama mji kutoka majini. Maghorofa yameuzunguka mnara wa Azania Front hata waonekana kama kitu kilichosahauliwa mezani. Lakini upo, na ukiwa katikati ya mkondo waweza kuunyooshea kidole.

Aliyempokea alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye paji la uso la babu. Waliamkiana kwa muda mrefu. Baada ya chakula yule mwenyeji aliingia ndani akatoka na bahasha, na ndani ya bahasha palikuwa na picha moja, ya siku ile ile. Mpiga picha alikuwa ameifyatua kamera mara ya pili. Mashua na tanga lake vilikwisha kupita, lakini ndege nayo ilikuwa imegeuka na mkondo, ikatoa pua mbele, na herufi za ubavuni zimepotea kabisa. Puani liliandikwa jina. Mwalimu alitoa kioo cha kukuzia. Herufi ya kwanza ilisomeka wazi, C, na zilizofuata ziliyeyuka katika mwanga wa maji. Majina ya ndege zote zile yalianza kwa C. Alicheka peke yake, ikabidi amweleze mwenyeji kisa kizima, Kongo na bwawa na mawe, wakacheka wote wawili.

Nyuma ya picha, kwa herufi za Kizungu zilizoandikwa na mtoto wa skuli: Kigamboni, mimi na baba.

Jioni simu ililia. Ilikuwa Kikwajuni.

"Umeiona?"

"Nimeiona, shangazi. Ndege imegeuka, jina halisomeki."

"Sikuulizi ndege. Mtoto anaonekana vizuri?"

"Anaonekana. Hapa amemwangalia babu. Anacheka."